Louis Harold Gray: Mwanafizikia aliyeipa tiba ya saratani kipimo chake

Katika hospitali za saratani za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na London, neno moja fupi huandikwa kwenye jalada la kila mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi. Neno hilo ni gray. Daktari huandika kwamba mgonjwa apewe gray 50 au 60, zigawanywe kwa siku nyingi, na wataalamu wa mashine hufuata hesabu hiyo. Wagonjwa wachache hujua kwamba neno hilo ni jina la mtu.

Mtu huyo ni Louis Harold Gray, mwanafizikia wa Uingereza ambaye rafiki zake walimwita Hal. Alifariki dunia tarehe 9 Julai 1965 akiwa na umri wa miaka 59. Miaka 10 baadaye, mwaka 1975, mkutano mkuu wa kimataifa unaosimamia vipimo na mizani uliamua kwamba kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili kiitwe kwa jina lake. Gray moja ni nishati ya jouli moja iliyoingia katika kila kilo moja ya mwili.

Hakugundua mionzi, wala hakubuni dawa. Mchango wake ulikuwa kuuliza swali ambalo waganga wa zamani wa mionzi hawakuwa na njia ya kulijibu kwa uhakika: mgonjwa amepata kiasi gani?

Mtoto wa Richmond

Gray alizaliwa tarehe 10 Novemba 1905 huko Richmond, kando ya mto Thames, magharibi mwa London. Alikuwa mtoto pekee wa wazazi wake, na familia haikuwa na mali. Kipaji chake shuleni ndicho kilichomfungulia njia. Alipata nafasi katika shule ya Christ's Hospital, ambayo licha ya jina lake si hospitali bali ni shule ya kale iliyoanzishwa kuwasomesha watoto wenye akili wanaotoka katika familia zisizojiweza.

Mwaka 1924 aliingia chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na baada ya shahada ya kwanza alikaribishwa kufanya utafiti katika maabara ya Cavendish. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi duniani kwa kijana aliyependa fizikia. Mkuu wa maabara alikuwa Ernest Rutherford, aliyegundua kiini cha atomu. Miongoni mwa walimu alikuwamo James Chadwick, ambaye mwaka 1932 aligundua neutroni, chembe isiyo na chaji iliyomo ndani ya kiini hicho.

Kazi ya Gray huko ilikuwa kuchunguza jinsi miale mikali ya gama inavyomezwa na vitu vya aina mbalimbali. Yeye na mwenzake, G.T.P. Tarrant, waliona jambo lililowashangaza. Risasi na metali nyingine nzito zilipopigwa na miale hiyo, zilitoa mionzi ya ziada ambayo nadharia za wakati ule hazikuweza kuieleza. Baadaye ilibainika kwamba mionzi hiyo ilitokana na positroni, chembe pacha ya elektroni yenye chaji chanya, inapokutana na elektroni na zote mbili kutoweka. Gray aliliona tukio hilo kabla chembe yenyewe haijajulikana. Sifa ya ugunduzi wake iliwaendea wengine.

Mwaka 1932 alimwoa Frieda Picot, mwanafunzi wa elimu ya dini aliyekutana naye Cambridge na ambaye alikuwa haoni. Mwaka uliofuata alifanya uamuzi ambao wengi wa wenzake waliuona wa ajabu.

Kutoka Cambridge hadi hospitalini

Mwaka 1933 Gray aliiacha Cavendish, ikiwa katika kilele cha umaarufu wake, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Mount Vernon, iliyoko Northwood, pembezoni mwa London upande wa kaskazini magharibi. Hospitali hiyo awali ilihudumia wagonjwa wa kifua kikuu, na kufikia wakati huo ilikuwa imegeukia tiba ya saratani. Wanafizikia walioajiriwa hospitalini nchini Uingereza walikuwa wachache mno, na kazi yenyewe haikuwa na heshima kubwa miongoni mwa wanasayansi.

Hali aliyoikuta haikuwa ya kuridhisha. Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua miale ya eksirei mwaka 1895, na madini ya radiamu yalipatikana miaka mitatu baadaye. Tangu hapo madaktari walikuwa wakitumia vyote viwili kuchoma uvimbe wa saratani, na baadhi ya wagonjwa walipona. Lakini kwa miaka mingi kipimo kilikuwa ngozi yenyewe. Daktari alimwekea mgonjwa mionzi mpaka ngozi ilipoiva wekundu, na kwa wekundu huo akakisia kama dozi ilitosha.

Gharama ya kukisia ilikuwa kubwa. Baadhi ya wagonjwa walipata mionzi kidogo, saratani ikarudi. Wengine walipata mingi, nyama zikaoza. Madaktari na wauguzi nao waliungua mikono, wakapata saratani za ngozi na za damu. Mwaka 1936 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa mjini Hamburg, Ujerumani, ukiwa na majina ya zaidi ya watu 150 wa nchi mbalimbali waliopoteza maisha kwa kufanya kazi na mionzi.

Kipimo cha kimataifa kilikuwapo tangu mwaka 1928, lakini kilipima athari ya mionzi katika hewa. Kilieleza kiasi cha mionzi kilichofika mlangoni, si kiasi kilichoingia ndani. Mwili wa binadamu si hewa. Mfupa hufyonza mionzi tofauti na mafuta, na pafu tofauti na misuli.

Swali la kiasi gani

Ugumu wa kupima unaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Dozi ya gray 5 ikiupiga mwili mzima kwa mkupuo mmoja inaweza kumwua mtu asipopata matibabu. Hata hivyo, kwa mtu wa kilo 70 nishati yote ya dozi hiyo ni jouli 350 tu, ambayo ni ndogo kuliko joto la funda moja la chai ya moto. Mwili hauhisi chochote, na kipimajoto cha kawaida hakionyeshi badiliko lolote. Madhara hayatokani na joto. Yanatokana na mionzi kukatakata molekuli zinazobeba urithi ndani ya seli, na seli zilizoharibiwa hivyo hushindwa kugawanyika.

Gray alitafuta njia ya kupima kitu hicho kidogo na cha hatari ndani ya kitu kizito, bila kukiona. Jibu lake, alilolichapisha kwa ukamilifu mwaka 1936, lilijenga juu ya wazo la William Henry Bragg, mwanasayansi aliyemtangulia. Gray alionyesha kwamba kukiwa na kitundu kidogo sana cha hewa ndani ya kitu kizito, mionzi inayopita haitambui kwamba kitundu hicho kipo. Kwa hiyo, ukipima chaji ya umeme inayozaliwa katika hewa hiyo, unaweza kukokotoa nishati iliyofyonzwa na kitu kinachoizunguka.

Wanasayansi huiita kanuni hiyo kwa majina ya wote wawili, Bragg na Gray. Vifaa vinavyotumiwa hadi leo kuhakiki mashine za tiba ya mionzi, vyenye chumba kidogo cha hewa kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole, vimejengwa juu ya msingi huo. Kwa mara ya kwanza mwanafizikia aliweza kumwambia daktari, kwa hesabu na si kwa kukisia, ni nishati kiasi gani iliyoingia mwilini.

Neutroni na mizizi ya maharage

Baada ya kupata njia ya kupima, Gray aliuliza swali la pili: je, dozi zilizo sawa kwa nishati huwa sawa kwa madhara?

Ili kujibu, yeye na mwenzake John Read walijenga kwa fedha kidogo mashine ya kuzalisha neutroni, wakaikamilisha kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Waliielekeza kwenye mizizi ya maharage, ambayo hukua haraka na ambayo ukuaji wake hupimika kwa rula. Walilinganisha athari za neutroni, miale ya gama na chembe za alfa. Ilionekana wazi kwamba neutroni ziliudhuru mzizi kuliko miale ya gama yenye nishati ile ile.

Somo hilo lilikuwa na uzito mkubwa kwa wagonjwa. Huko California, Marekani, Dakta Robert Stone alianza kuwatibu wagonjwa wa saratani kwa neutroni mwaka 1938. Uvimbe ulipungua kwa baadhi yao, lakini kadiri muda ulivyopita wengi wa waliosalia hai walipata makovu na madhara mabaya, na mwaka 1948 Stone mwenyewe alihitimisha kwamba tiba hiyo haifai kuendelezwa. Baadaye iligundulika kwamba nguvu ya neutroni dhidi ya tishu zenye afya ilikuwa imekadiriwa chini ya uhalisia. Wagonjwa walikuwa wamepewa dozi iliyozidi.

Wakati wa vita wanafizikia wa hospitali za Uingereza waliunda chama chao, mwaka 1943, na Gray alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Kazi ambayo miaka 10 kabla ilidharauliwa ilianza kutambuliwa kuwa taaluma kamili.

Siri ya oksijeni

Mwaka 1946 Gray alihamia hospitali ya Hammersmith, magharibi mwa London, katika kituo cha utafiti wa tiba ya mionzi kilichogharimiwa na serikali. Hapo ndipo ilipokomaa kazi ambayo madaktari wa saratani wanaikumbuka zaidi.

Chanzo chake kilikuwa Mount Vernon. Katika miaka ya 1930 Dakta J.C. Mottram, aliyefanya kazi na Gray huko, alikuwa amezingatia kwamba mizizi ya maharage iliyonyimwa oksijeni ilistahimili mionzi kuliko iliyopata hewa. Mottram alifariki mwaka 1945 kabla ya kulimaliza suala hilo. Gray na wenzake walilichukua upya, wakalipima kwa makini katika mimea na katika uvimbe wa panya. Mwaka 1953 walichapisha matokeo yao. Seli isiyo na oksijeni inahitaji takriban mara mbili na nusu hadi mara tatu ya dozi ili iuawe kama seli yenye oksijeni ya kutosha.

Sababu yake inahusu kemia. Mionzi inapoivunja molekuli ya urithi, kwa muda mfupi mno kuna nafasi ya jeraha hilo kujirekebisha. Oksijeni ikiwapo, hujishika kwenye jeraha na kulifanya la kudumu. Isipokuwapo, seli huponyoka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1955, Gray na Dakta R.H. Thomlinson walionyesha kwa nini jambo hilo ni la kufa na kupona kwa mgonjwa. Walichunguza kwa darubini vipande vya saratani ya mapafu ya binadamu, wakaona vifundo vya seli vilivyozungukwa na mishipa midogo ya damu. Vifundo vyembamba vilikuwa hai hadi katikati. Vifundo vinene vilikuwa vimekufa katikati. Kwa hesabu zao, oksijeni inayotoka kwenye mshipa husafiri takriban milimita 0.15 tu kabla ya kwisha. Umbali huo ni kama unene wa karatasi moja na nusu.

Kati ya sehemu iliyo hai na iliyokufa palikuwa na ukanda mwembamba wa seli zinazoishi kwa taabu, zenye oksijeni kidogo mno. Hizo ndizo zinazoistahimili mionzi. Daktari anaweza kuuona uvimbe ukinywea, akampeleka mgonjwa nyumbani akiwa na matumaini, kumbe mbegu za ugonjwa zimesalia mahali ambapo damu haikufika.

Ugunduzi huo ulizaa juhudi nyingi. Katika hospitali ya St Thomas' mjini London, wagonjwa walianza mwaka 1955 kutibiwa kwa mionzi wakiwa ndani ya chumba kilichojaa oksijeni yenye shinikizo kubwa. Njia hiyo ilisaidia baadhi ya aina za saratani, ila ilikuwa ngumu na haikuenea. Neutroni zilijaribiwa tena Hammersmith, kwa kuwa hazitegemei sana oksijeni, lakini madhara yake yaliwafanya madaktari wengi waziache.

Kilichodumu ni utaratibu uliokuwapo tangu awali na ambao kazi ya Gray ilisaidia kuueleza: kuigawa dozi katika mikupuo midogo, kwa kawaida gray 2 kwa siku kwa muda wa wiki kadhaa. Kila mkupuo huua zaidi seli zilizo karibu na damu. Zikishaondoka, oksijeni huzifikia zile zilizokuwa nyuma, na mkupuo unaofuata huzikuta zikiwa dhaifu. Wakati huo huo tishu zenye afya hupata nafasi ya kujikarabati. Haba na haba hujaza kibaba.

Maabara ya Northwood

Mwaka 1953 Gray aliondoka Hammersmith kufuatia tofauti za maoni kuhusu mwelekeo wa utafiti. Yeye aliamini kwamba tiba haiwezi kusonga mbele mpaka ieleweke kwanza mionzi inafanya nini ndani ya seli, hata kama majibu yatachelewa kumfikia mgonjwa. Ilikuwa hatua nzito kwa mtu aliyekaribia miaka 50.

Taasisi ya hisani iliyochangisha fedha za kupambana na saratani ilimwezesha kurudi Mount Vernon na kuanzisha kituo kipya. Aliwakusanya chini ya paa moja wanafizikia, wanakemia, wanabiolojia na madaktari, jambo lisilokuwa la kawaida wakati huo. Mwaka 1962 katika maabara yake, John Boag na mgeni kutoka Marekani, Edwin Hart, walifaulu kunasa alama ya elektroni iliyoachwa huru ndani ya maji yaliyopigwa na mionzi, chembe ambayo huishi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kwa kuwa mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, tukio hilo lilifungua dirisha la kutazama hatua za kwanza kabisa za madhara ya mionzi.

Heshima zilimfikia akiwa hai. Aliwahi kuwa rais wa taasisi ya Uingereza ya taaluma ya mionzi, na mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kongwe ya wanasayansi nchini humo. Hakupata tuzo ya Nobel. Baada ya kifo chake maabara ya Northwood ilipewa jina lake, na urithi wake wa kitaaluma baadaye ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Oxford.

Kipimo chake Afrika Mashariki

Kazi iliyofanyika pembezoni mwa London ina maana ya pekee kwa Afrika Mashariki, ambako saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazowaua wanawake wengi na ambako wagonjwa mara nyingi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umesambaa kiasi cha kutoweza kufanyiwa upasuaji. Kwao mionzi ndiyo tegemeo kubwa. Madaktari huangalia pia kiwango cha damu kabla na wakati wa tiba, kwa sababu mgonjwa mwenye upungufu wa damu hupeleka oksijeni kidogo kwenye uvimbe, na matokeo ya tiba kwake mara nyingi huwa duni. Hoja hiyo inarudi moja kwa moja kwenye utafiti wa Gray.

Taasisi ya saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani karne moja kabla, kwa miaka mingi ilitegemea mashine za kobalti. Chanzo cha kobalti hufifia kila siku, na baada ya miaka mitano na kidogo nguvu yake hubaki nusu. Mgonjwa aliyewekwa kwenye mashine kwa dakika zile zile zilizotumika miaka mitano nyuma angepata nusu ya dozi, na hakuna ambaye angejua kwa kumtazama. Mwanafizikia wa tiba, akiwa na kijichumba chake cha hewa na hesabu zake, ndiye anayelizuia kosa hilo lisitokee.

Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago mjini Kampala tangu mwaka 1995, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, na wengine walikosa uwezo wa kusafiri. Mashine nyingine ya kobalti ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2017. Tukio hilo liliielekeza macho ya wengi kwenye uhaba wa mashine. Uhaba wa wanafizikia wa kuzipima hauonekani kwa urahisi hivyo, lakini mashine isiyopimwa inaweza kuwa hatari kuliko mashine iliyozimwa.

Wahenga wa pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Louis Harold Gray alionyesha kwamba ndivyo ilivyo kwa mionzi pia: bila daftari, dozi inaweza kumpita mgonjwa au kumzidi, na habari zikaja baada ya miaka, wakati hakuna tena cha kurekebisha. Jina lake, likiandikwa kwa herufi ndogo kando ya tarakimu kwenye jalada la mgonjwa, linabaki kuwa ahadi kwamba kuna mtu aliyepima.